Niliacha Kusema "Kwangu Inafanya Kazi"

Leo zamu ni yangu. Wengine wameandika kuhusu safari, kuhusu mpira, kuhusu kumpoteza mzazi. Mimi nitaandika kuhusu programu ya kompyuta iliyokataa kufunguka, na kuhusu wamama wanne ambao nusura wakose cherehani kwa sababu yangu. Msikimbie. Hata kama hujawahi kugusa lugha ya C, utaelewa.

Kwa wasionijua: mimi ni Mkongomani wa Kivu Kusini, niliingia Kakuma nikiwa na miaka 12. Kidato cha nne nimemaliza, chuo bado. Najitolea pale kwenye chumba cha kompyuta cha vijana, na C nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya PDF na laptopu ya mtumba yenye Ubuntu.

Mwaka ule kulikuwa na darasa la ushonaji, wanafunzi 27, wengi wamama. Masharti yalikuwa wazi: ukifikisha masaa 120 ya kuhudhuria, unapewa cherehani yako uende nayo nyumbani. Usipofikisha, unapewa asante. Mwalimu alikuwa anaandika mahudhurio kwenye daftari, na jioni mimi naingiza kwenye programu niliyoiandika. Programu yenyewe ilikuwa ndogo tu. Inakuuliza jina, tarehe, masaa, halafu ukibonyeza 4 inakutolea orodha na jumla ya kila mtu. Niliipenda vile mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza.

Mvua ya Kakuma mnaijua. Miezi na miezi ni vumbi, halafu siku moja lagga inajaa na vitu vinaelea. Maji yaliingia darasani usiku. Daftari likalowa, kurasa za wiki tano zikawa uji. Mwalimu akaja kwangu ana wasiwasi. Nikamwambia, "Mwalimu tulia, kila kitu kiko ndani ya mashine." Hiyo siku nilitembea kifua mbele.

Sasa niwaeleze kidogo vile programu ya C inavyotengenezwa, juu hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Unapoandika programu huandiki kila kitu mwenyewe. Kuhifadhi data vizuri ni kazi ngumu, kwa hiyo nilitumia SQLite, maktaba ya programu iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000. Maktaba hapa si ya vitabu. Ni kazi iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, unaiita kwa jina nayo inakufanyia. Kwenye laptopu yangu nilikuwa naandika mstari huu:

gcc mahudhurio.c -o mahudhurio -lsqlite3

Hicho kipande cha mwisho, -lsqlite3, ndicho kinachosema "unganisha na maktaba ya SQLite". Hata hicho kilinisumbua mwanzoni. Nilikiweka mbele ya mahudhurio.c, nikapata makosa kibao kwamba majina hayajulikani. Kumbe kiunganishi kinasoma kutoka kushoto kwenda kulia: kwanza ujue unahitaji nini, halafu ndipo umtaje wa kukupa.

Nilifikiri kwamba baada ya hapo SQLite imeingia ndani ya programu yangu. Haikuingia. Kilichoingia ni jina tu: libsqlite3.so.0. Maktaba yenyewe inabaki kwenye kompyuta, na programu nyingi zinaitumia kwa pamoja. Kila ukiiamsha programu, mfumo unakwenda kuitafuta maktaba kwa jina hilo, na ikipatikana kazi inaanza.

Ni kama kile kikaratasi ambacho mama anakupa uende nacho dukani kabla pesa ya chakula haijaingia kwenye simu: "Mpe mtoto unga kilo mbili, nitalipa." Kikaratasi si unga. Kwenye duka la mtaa wenu kinafanya kazi kwa sababu mwenye duka anamjua mama yako na unga anao. Kipeleke Kalobeyei kwa duka usilolijua uone. Mwandiko ni uleule na mama ni yuleyule, lakini unarudi na mfuko mtupu.

Programu yangu ilikuwa kikaratasi. Mimi nilidhani ni unga.

Siku mbili kabla ya kupeleka orodha, nilipeleka laptopu kwenye duka la kuchajia. Umeme ukaruka usiku. Asubuhi nikapewa laptopu iliyokufa kabisa, haina hata taa. Sikuogopa sana, kwa sababu kila Ijumaa nilikuwa nakopi folda nzima kwenye flashi: programu, chanzo chake mahudhurio.c, na faili ya data mahudhurio.db. Nikaenda ofisini na flashi yangu mfukoni. Wamama kadhaa walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye kivuli nje.

Kompyuta ya ofisi ni ya Windows. Nikachomeka flashi, nikabonyeza programu mara mbili. Windows ikaniuliza nataka kuifungua faili hii kwa programu gani. Mimi nimeleta programu, nayo inaniuliza programu! Programu iliyotengenezwa kwa Linux imepangwa kwa muundo ambao Windows haiusomi, sawa na kitabu kizima kwa alfabeti ambayo hujafundishwa.

Afisa alikuwa mpole lakini ana haraka. "Kijana, orodha iko wapi?"

Nikasema, "Madam, kwangu inafanya kazi. Shida ni kompyuta yenu."

Akaangalia saa. "Mimi siwezi kupeleka kitu ambacho sikioni. Kesho saa sita mchana nafunga. Kama hakuna, tutatumia daftari."

Daftari lenye wiki tano za uji. Nikapiga hesabu nikiwa bado nimesimama. Kwa daftari peke yake, wamama wanne wangekuwa chini ya masaa 120. Wanne ambao hawakukosa, hata zile wiki za tope.

Nikatoka nje nikawaeleza. Mmoja wao, mama wa Kirundi ambaye darasani huwa anakaa karibu na mlango na mtoto mgongoni, alinisikiliza mpaka mwisho. Nikarudia lilelile neno langu, kwamba mama msijali, kwangu inafanya kazi. Akasema pole pole, bila hasira:

"Mwanangu, kwako inafanya kazi. Na mimi cherehani nitashonea kwako?"

Sikuwa na jibu. Hata leo nikiandika hapa bado nalisikia.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba masaa yao yalikuwepo. Faili ya data ya SQLite ina muundo mmoja kila mahali. Ukiitoa Linux ukaipeleka Windows, haibadiliki hata herufi. Kwa hiyo majina yote 27 yalikuwa mazima ndani ya flashi, nimeyashika mkononi. Kilichokosekana ni mlango wa kuyafikia. Mtu atasema, ungefungua kwa programu nyingine inayosoma SQLite. Kweli. Pale ofisini haikuwepo, na kuweka programu mpya kwenye kompyuta ya ofisi hairuhusiwi.

Mchana nikaenda chumba cha vijana. Kuna kompyuta moja ya zamani, yenye Ubuntu 18.04, ambayo watu wanaikwepa kwa sababu ni nzito. Nikasema hii ni Linux kama yangu, hapa lazima ikubali. Nikaiita programu. Ikakataa tena, ila sasa maneno ni mengine: inataka GLIBC_2.34, nayo haipo.

Hiyo GLIBC ni maktaba ya msingi ya C kwenye mifumo mingi ya Linux. Karibu kila programu imesimama juu yake. Laptopu yangu ilikuwa na Ubuntu 22.04, ambayo ina toleo la 2.35. Ile kompyuta kuukuu ina toleo la 2.27. Ukitengeneza programu kwenye mfumo mpya, inaandika ndani yake kwamba inamtaka yule mpya. Mfumo mpya unawakumbuka wa zamani, kwa hiyo programu ya zamani kwa kawaida inaamka kwenye mashine mpya. Kinyume chake hakuna. Mtoto anamjua babu, lakini babu aliyefariki zamani hawezi kumjua kitukuu.

Bahati yangu ilikuwa kile chanzo, mahudhurio.c. Chanzo ni maandishi tu, hakijafungamana na mashine yoyote. Na kompyuta ile ilikuwa na kompaila ya gcc, kwa sababu niliiweka mwenyewe wakati wa mafunzo. Nikasema basi natengeneza upya hapahapa. Nikaandika mstari wangu wa siku zote.

Ikaniambia sqlite3.h haipo.

Hapa nikajifunza kitu ambacho vitabu vilinipita. Maktaba ina sehemu mbili. Kuna ile inayotumika programu ikiwa inaendeshwa, na hiyo kompyuta ilikuwa nayo. Halafu kuna ile anayoihitaji anayejenga: faili ya heda, ambayo inaiambia kompaila majina ya kazi zilizomo na vile zinavyoitwa. Kwenye Ubuntu hiyo ya pili inakuja na kifurushi kinachoitwa libsqlite3-dev. Kwangu niliiweka siku moja nikasahau. Hapa haikuwepo, na intaneti ya kituo ilikuwa imekatika.

Jioni rafiki yangu Msomali, ambaye naye ni wa mambo haya, akaja na simu yake. Akaniuliza, "Kaka, kwa nini unaendelea kukopa? Si ubebe SQLite yenyewe?"

Ndiyo siri ambayo sikuijua. Wenye SQLite wanatoa kazi yao yote ikiwa faili moja ya C, sqlite3.c, pamoja na heda yake. Ni mistari zaidi ya laki mbili, lakini ikifungwa kwenye zipu haifiki hata MB 5. Na imewekwa kuwa mali ya umma: hakuna wa kuomba ruhusa, hakuna wa kulipa. Rafiki yangu akanunua bando kwa pesa yake ya chai, akaipakua, tukaihamisha kwa kebo. Nikaandika:

gcc mahudhurio.c sqlite3.c -o mahudhurio -lpthread -ldl

Ona tofauti. Sasa -lsqlite3 haipo. SQLite yenyewe nzima inaingia ndani ya programu. Hivyo viwili vya mwisho ni vipande vya msingi ambavyo SQLite inavihitaji, na kwenye mfumo wa zamani vinakaa mbalimbali, lazima uvitaje.

Kompyuta ikafikiri. Feni ikalia kama boda boda inayopanda mlima. Tulikaa kimya, mimi nimeshika betri ya sola nikiomba isizime. Halafu ule mstari ukarudi ukiwa mtupu, bila kosa hata moja. Nikaita programu, nikabonyeza 4.

Majina 27 yakashuka. Yule mama wa karibu na mlango: masaa 126.

Kesho yake saa nne asubuhi nilikuwa ofisini na orodha ikiwa faili ya maandishi ya kawaida, ambayo Windows inaifungua bila maswali. Mwalimu akaja akathibitisha zile wiki tano, afisa akaangalia, akapiga muhuri. Wanne wote wakaingia. Mama yule alipopata cherehani hakuniambia mengi. Alinishonea mfuko wa kubebea laptopu. Laptopu sina tena, ila mfuko ninao.

Nilitaka pia afisa aweze kujionea mwenyewe mahudhurio, asinitegemee mimi. Kwa hiyo wiki zilizofuata nikatengeneza toleo la Windows, kwenye laptopu ya rafiki yuleyule yenye Code::Blocks. Huko maktaba za pamoja zinaitwa DLL. Nikatumia sqlite3.dll, kwake ikafanya kazi. Tukapeleka ofisini mahudhurio.exe peke yake, ikalalamika kwamba sqlite3.dll haionekani. Kikaratasi kilekile! Kule dawa ni rahisi kidogo: Windows inatafuta DLL kwenye folda ilipo programu yenyewe, kwa hiyo unaziweka pamoja. Tukaweka. Ikaleta kosa lingine lenye namba 0xc000007b. Tuliumia kichwa siku mbili. Kumbe kompaila yetu ilitoa programu ya biti 32, na ile DLL niliyoipeleka ofisini nilikuwa nimeipakua upya, ya biti 64. Hao wawili hawawezi kukaa nyumba moja. Mwisho tukarudi kwenye dawa ya kwanza: sqlite3.c ndani, tukaongeza neno -static, ikatoka faili moja inayojitosheleza. Afisa anaitumia mpaka leo bila kuniita.

Sasa kwa vijana wenzangu mnaojifunza, haya ndiyo ninayofundisha Jumamosi.

1. Kabla programu haijasafiri, iulize inamtegemea nani. Kwenye Linux andika ldd na jina la programu, utaona kila maktaba na mahali ilipo, na ile isiyopatikana itatajwa. Kwenye Mac ni otool -L. Kwenye Windows, kama una zana za MinGW, objdump -p itakuonyesha DLL zote. Tahadhari: usitumie ldd kwa programu usiyoiamini, kwa sababu kuna hali inaweza kuiendesha.

2. Jua umekwama mlango gani. Heda haipo? Hapo ni kompaila, unahitaji kifurushi cha wajenzi. Jina halijulikani? Hapo ni kiunganishi, angalia -l na mpangilio wake. Faili ya .so ama DLL haionekani? Programu ilishajengeka vizuri, ila ugenini haijamkuta anayemtafuta. Ni matatizo matatu tofauti. Mimi nilikuwa nayaita yote "imekataa".

3. Jenga kwenye mashine ya zamani kuliko zote utakazozihudumia. Ile kompyuta ambayo watu wanaikwepa ndiyo ya kujengea.

4. Ukitaka kubeba maktaba pembeni bila kuiingiza ndani, kwenye Linux unaweza kuiambia programu itafute kwenye folda yake yenyewe, kwa kuongeza -Wl,-rpath,'$ORIGIN' wakati wa kuunganisha.

5. Kubeba kila kitu ndani kuna gharama. Maktaba ya pamoja ikirekebishwa kwenye mfumo, programu zote zinapona pamoja. Uliyoibeba wewe ni mzigo wako: ikigundulika ina kasoro, lazima ujenge upya na usambaze upya. Na soma leseni, si kila maktaba ni mali ya umma kama SQLite.

6. Jaribu kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabla ya siku ya mwisho. Na chanzo usikiache nyuma kamwe.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika, ombi moja. Kompyuta za msaada zinatufikia za kila aina na kila umri. Mkitupa kazi ya kutengeneza kitu kwa ajili ya ofisi, tupeni pia dakika kumi za kukijaribu kwenye mashine yenyewe wiki moja kabla. Hiyo tu. Yule afisa hakuwa mtu mbaya. Nilimletea kitu ambacho hakuweza kukiona, na mtu hawezi kupiga muhuri kitu asichokiona.

Nimalizie na papa yangu. Kule Kongo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Cheti chake alikivusha mpaka kwenye nailoni, ndani ya viatu. Hapa alikipeleka mahali, wakakigeuza mbele na nyuma: kiko kwa Kifaransa, shule iliyokitoa hawaijui, namba ya kupiga hakuna. Wakamrudishia kwa heshima. Kwa miaka mingi nilifikiri labda cheti kina kasoro. Siku hizi nikikiangalia naona hakina kasoro yoyote. Kimeandika majina ya watu ambao hapa hawapo. Kwa hiyo mwaka jana tulikaa naye, tukatafuta wa kukitafsiri, tukaandika barua, tukaongeza majina ya watu wawili wa hapahapa kambini waliosoma kwake. Majibu bado tunayasubiri. Angalau sasa kimebeba kinachohitajika.

Jumamosi saa tatu nipo chumba cha vijana, meza ya mwisho, kwenye ile kompyuta nzito. Ukiwa na programu inayofanya kazi kwako, ilete tuone kama na hapa itakubali.